Ekuteri bila waya: kabla ya kumlipa fundi, mashini iangaliwe kwanza

Katika vibanda vya Birere na pembeni ya soko la Virunga, mjini Goma, lalamiko ni lile lile. Ekuteri zisizo na waya zilinunuliwa juzi, kwenye simu zinalia vizuri, lakini kwenye mashini zimekataa. Ama sauti haitoki kabisa, ama inatoka kama ya mtu anayeongea ndani ya bidoni, ama inakatika kila baada ya sekunde chache. Mwenye nazo anaamini ameuziwa feki. Muuzaji anasema mashini ndiyo mbovu. Fundi anasema aachiwe vyote viwili mpaka kesho, na kesho hiyo ina bei yake.

Jambo ambalo wauzaji wachache wanalisema ni kwamba mara nyingi hapo hakuna kilichovunjika. Mashini, yaani laptop kama vijana wa mji wanavyoiita, imechagua njia mbaya ya kupitishia sauti, au ekuteri zimeshikwa na simu iliyo mfukoni. Hiyo ni kazi ya dakika tano kwa mtu aliyeonyeshwa mara moja. Kuifanya iwe siri ya ufundi na kuitoza pesa ni kumkamua mtu asiye na kitu.

Wako watakaosema: watu wamekimbia vita, na leo wanaletewa habari ya ekuteri? Swali hilo linaulizwa na wenye vyumba vitatu. Kambi za Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya zilipovunjwa Februari 2025, watu walitawanyika. Wengine walirudi vijijini, wengine walibaki mjini ndani ya jamaa zilizowapokea. Leo si ajabu kukuta watu tisa au kumi katika chumba kimoja na sebule. Mwanafunzi anayejiandaa kwa Exetat, au kijana wa chuo aliyepewa masomo ya sauti kwenye flashi, hawezi kuyafungulia spika saa nne ya usiku wakati mtoto mchanga amelala mita moja kutoka kwake na baba mwenye nyumba ataamka alfajiri kwenda kazini. Bila ekuteri hasomi. Na mgeni anayepiga kelele usiku hakai siku nyingi katika nyumba ya watu, hata kama wenyeji wana moyo mwema.

Tena pesa taslimu imekuwa haba tangu benki zilipofunga milango yao Goma mwanzoni mwa 2025. Franga zinazoenda kwa fundi kwa sababu ya kubonyeza mara mbili zilikuwa unga wa mihogo wa watoto.

Basi ni vizuri yasemwe hadharani yale ambayo fundi anayafanya akiwa amegeuza mgongo.

La kwanza ni simu. Ekuteri nyingi za bei ndogo zinaweza kuzungumza na chombo kimoja tu kwa wakati mmoja, na kila zikitolewa kwenye kisanduku chake zinamtafuta yule wa mwisho waliyekuwa naye, ambaye kwa kawaida ni simu. Mashini inabaki ikiandika kwamba imeshindwa kuunganisha, na mwenyewe anaona imeharibika. Bluetooth ya simu ikizimwa kabisa, ekuteri zikarudishwa kisandukuni na kutolewa tena, mashini inazipata. Katika nyumba yenye watu wengi, simu inayozishika inaweza hata kuwa ya ndugu aliyewahi kuziazima wiki iliyopita, naye amekaa chumba cha pili bila habari. Kama hata hivyo zinakataa, jina lake lifutwe kwenye orodha ya mashini, lifutwe na kwenye simu, kisha ziunganishwe upya kana kwamba zimenunuliwa leo. Kufuta na kuanza upya kunatibu mengi kuliko watu wanavyodhani.

Halafu kuna mashini inayosema imeunganishwa, na sauti bado inatoka kwenye spika zake yenyewe. Hapo watu huongeza sauti mpaka mwisho, na nyumba nzima inaamka. Chini kulia mwa kioo kuna alama ya spika. Ukiibonyeza, pembeni ya mstari wa sauti kuna mshale mdogo, na nyuma ya mshale huo kuna orodha ya mahali sauti inapoweza kutokea. Jina la ekuteri lichaguliwe hapo. Sauti ikiwa ndogo mno, ikumbukwe kwamba ekuteri nyingi zina sauti yake na mashini ina ya kwake. Moja ikiwa chini, kupandisha nyingine hakusaidii sana.

Lakini ugonjwa unaowasumbua watu kuliko yote, na unaowatajirisha mafundi kuliko yote, ni ile sauti ya bidoni. Huo unastahili maelezo marefu kidogo, kwa kuwa aliyeuelewa hadanganywi tena.

Bluetooth ina njia mbili za kupeleka sauti kwenye ekuteri. Ya kwanza ilitengenezwa kwa ajili ya muziki: sauti inaenda upande mmoja tu, kutoka kwenye mashini kwenda masikioni, ikiwa pana na yenye kushoto na kulia. Ya pili ilitengenezwa kwa ajili ya kuongea kwa simu: sauti inaenda na kurudi, maana maikro ya ekuteri nayo inatumika, na ili pande zote mbili zipite katika njia hiyo nyembamba, sauti inabanwa sana. Kushoto na kulia kunapotea. Besi inapotea. Kinachobaki ni sauti ya simu ya zamani. Mashini haiwezi kutumia ekuteri hizi za kawaida kwa njia zote mbili kwa pamoja, inachagua moja.

Na inachagua vipi? Programu yoyote ikifungua maikro ya ekuteri, mashini inahamia njia ya pili papo hapo. Zoom ikiwa imeachwa wazi nyuma, au simu ya WhatsApp ikiwa haijakatwa vizuri, au programu ya kurekodi ikiwa inasubiri, muziki na masomo yanageuka bidoni. Mtu anasema ekuteri zilikuwa nzuri asubuhi na jioni zimekufa. Hazijafa, ila kuna programu iliyofungua mdomo wa maikro. Kwenye Windows 10, ambayo bado iko kwenye mashini nyingi za okazioni zinazouzwa mjini, ekuteri zile zile huonekana mara mbili kwenye orodha ya sauti: jina moja lina neno «Stereo», jina la pili lina maneno «Hands-Free», au «mains libres» kama mashini ni ya Kifaransa. Anayetaka kusikiliza achague lenye «Stereo». Windows 11 imeunganisha majina hayo kuwa moja, na hapo mtu haoni tena kwamba mashini imehama njia, anasikia tu uharibifu.

Dawa yake ni rahisi. Kwa anayefuata somo la moja kwa moja na anayetaka pia kuongea, ekuteri ziwe za kusikilizia tu, na maikro iwe ya mashini yenyewe, ile iliyo karibu na kamera. Katika Zoom na katika mipangilio ya sauti ya Windows, maikro na spika huchaguliwa kila moja peke yake, watu wengi hawajui kwamba inaruhusiwa kuvitenganisha. Na kwa yule asiyetumia kabisa maikro ya ekuteri, mlango huo unaweza kufungwa moja kwa moja: katika «Périphériques et imprimantes» ya jopo la zamani la Windows, ukifungua «Propriétés» za ekuteri, sehemu ya «Services», kuna kisanduku cha «Téléphonie mains libres». Kikiondolewa alama, mashini haitahamia tena njia ya simu. Siku maikro ikihitajika, alama inarudishwa.

Jambo hili linawahusu pia waandishi wa redio za jamii, ambao wengi wao siku hizi wanakata sauti kwenye laptop zao wenyewe. Mwandishi anarudi kutoka Sake au Minova na ushuhuda wa mama aliyepoteza nyumba. Anafungua programu ya kukata sauti, ambayo imechagua maikro ya ekuteri bila yeye kujua, na anachosikia ni sauti mbovu, nyembamba, yenye mikwaruzo. Akiamini kwamba alirekodi vibaya, anaweza kuufuta ushuhuda ambao kwa kweli ni mzima. Mama huyo hatapatikana tena kirahisi, pengine ameshahama mara ya tatu. Kwa kazi kama hiyo ekuteri za waya ndizo zinazofaa, na mtu asione haya kuzivaa. Katika studio wanatumia waya, wala hakuna anayewaita washamba.

Sauti inayokatika-katika ina sababu zake nyingine. Bluetooth inatembea katika mawimbi ya gigahezi 2.4, na katika mawimbi hayo hayo inatembea Wi-Fi ya kawaida. Mtu anayeshirikisha intaneti ya simu yake kwa Wi-Fi, simu ikiwa kando ya laptop, na ekuteri ziko masikioni, ameweka watu wawili wapige kelele katika mlango mmoja. Simu ikiwa na uwezo wa gigahezi 5, ugawaji wa intaneti uhamishiwe huko. Kama haina, somo lipakuliwe kwanza, Wi-Fi izimwe, kisha lisikilizwe. Diski ya nje iliyochomekwa kwenye tundu la USB 3, lile ambalo mara nyingi lina rangi ya bluu ndani, nayo hutoa kelele katika mawimbi hayo, hasa kama kile kidude cha Bluetooth cha kuchomeka kiko tundu la jirani. Kuvitenganisha, kimoja kushoto na kingine kulia, mara nyingi kunatosha. Tena mwili wa mtu umejaa maji, na maji yanameza mawimbi haya, kwa hiyo laptop iliyo mgongoni ndani ya begi inasikika vibaya kuliko iliyo mbele juu ya meza.

Kuna pia mashini yenyewe kutaka kuokoa batri. Ikiona kimya kidogo inalaza Bluetooth, na sentensi ya kwanza ya mwalimu inapotea kila mara anapoanza tena. Katika «Gestionnaire de périphériques», kwenye Bluetooth, sehemu ya «Gestion de l'alimentation», kuna ruhusa iliyopewa mashini ya kuzima kifaa hicho ili kuhifadhi umeme. Iondolewe. Inakula batri kidogo zaidi, kweli, na hapo kila mtu ahesabu umeme alionao.

Filamu ambayo midomo inatangulia na maneno yanafuata si kosa la ekuteri. Sauti ya Bluetooth huchelewa kidogo safarini, na ekuteri za bei ndogo huchelewa zaidi. Katika VLC, herufi J kwenye kibodi inavuta sauti mbele kidogo kila inapobonyezwa, na K inairudisha nyuma. Mambo mawili hayo yangewaepusha vijana wengi kubadilisha ekuteri sokoni kwa hasara.

Sikio moja likinyamaza, kitu cha kwanza kuangalia ni uchafu. Vidude viwili vya shaba ndani ya kisanduku vinafunikwa na vumbi, na Goma ina vumbi la volkeno ambalo halimwachi mtu. Ekuteri moja inachaji, ya pili inalala juu ya vumbi bila kuchaji. Kitambaa kikavu au pamba kidogo kwenye kijiti kinatosha. Yasitumiwe maji.

Sasa kuhusu mafundi. Hakuna anayekataa fundi alipwe. Anayefungua ekuteri, akabadilisha batri ndogo kuliko ukucha bila kuichoma, huyo ana mkono na astahili pesa yake. Lakini anayechukua mashini ya mwanafunzi usiku mzima kwa ajili ya kubadilisha «Hands-Free» kuwa «Stereo», halafu anairudisha akisema «nimebadilisha kadi ya sauti, mama», huyo hauzi ufundi. Tena usiku huo mashini ina picha, ina barua, ina majina ya watu, na kwa jamaa zilizokimbia vita majina hayo si mchezo. Kazi ya mpangilio ifanyike mbele ya mwenye mali, mashini ikiwa juu ya meza. Asiyekubali hivyo, aondokewe.

Na muuzaji naye asijifiche. Anazijaribu ekuteri kwenye simu yake, zinalia, anapokea pesa. Angeweka mezani laptop moja ya zamani, hata yenye kioo kilichopasuka, akaziunganisha mbele ya mnunuzi na kumwonyesha ule mshale wa sauti, wengi wasingerudi kugombana naye. Mnunuzi naye aulize swali moja kabla ya kutoa pesa: mashini yangu ina Bluetooth? Baadhi ya laptop za okazioni hazina, au kipande hicho kilitolewa zamani. Kidude cha kuchomeka USB kinaweza kusaidia, lakini ni gharama ya pili ambayo hakuna aliyeitaja.

Swali gumu zaidi ni kama jamaa ya wakimbizi inapaswa kununua ekuteri zisizo na waya kabisa. Vijana hawatapenda jibu. Za waya hazichajiwi. Katika nyumba ambayo simu inapelekwa kuchajiwa kibandani kwa malipo, ekuteri na kisanduku chake ni mdomo wa ziada wa kulisha. Za waya hazipotei moja moja gizani. Hazina njia mbili wala «Hands-Free», zinachomekwa kwenye tundu la duara na kazi imeanza.

Kuna na sababu nyingine, kubwa kuliko hizo, ambayo haisemwi dukani. Simu nyingi za bei ndogo zina redio ya FM ndani yake, na redio hiyo inatumia waya wa ekuteri kama antena. Bila waya, simu inaandika tu kwamba ekuteri zichomekwe. Ekuteri za Bluetooth haziwezi kufanya kazi hiyo. Kwa hiyo jamaa iliyotupa waya kwa kuwa ni wa kizamani imejinyima pia redio, na redio ya FM haili megabaiti, haihitaji kredi, na inaendelea kusikika mtandao wa simu ukianguka. Watu wa Kivu wanajua maana ya hilo. Siku risasi zinapolia karibu na intaneti imekatika, habari ya barabara gani imefungwa na wapi maji yanagawiwa inapita kwenye redio. Radio Okapi ilianza kurusha matangazo yake Februari 2002, na Kiswahili ni moja ya lugha zake tano. Karibu nayo ziko redio za jamii ambazo zinajua kila kilima kwa jina lake. Zote hizo zinaingia kupitia waya wa bei ya vitumbua vichache.

Anayemiliki zote mbili asizivae masikio yote mawili usiku. Sikio moja libaki wazi kwa ajili ya mlango.

Kuna uchungu mwingine katika habari hii. Tantalamu iliyo ndani ya vipande vidogo vya laptop hizo hutoka kwa kiasi kikubwa katika koltani, na machimbo ya Rubaya, katika eneo la Masisi, yanatajwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantalamu ya dunia. Kobalti ya batri, sehemu kubwa ya ile inayochimbwa duniani inatoka Lualaba na Haut-Katanga. Mtoto wa Masisi aliyekimbia anakuja kununua kwa bei kali, Birere, kipande cha udongo wa kwao kilichozunguka dunia, tena bila karatasi moja ya maelezo kwa lugha anayoisoma. Watengenezaji wanaweka maelezo kwa lugha kumi na zaidi, Kichina mpaka Kipolandi. Kiswahili hakimo.

Zipo ekuteri ambazo kweli zimekufa. Batri zake ni ndogo na huchoka baada ya miaka michache. Zinachajiwa usiku kucha na kuisha kabla ya somo la kwanza kumalizika. Hizo hakuna mpangilio utakaozifufua. Zisitupwe kwenye moto wa takataka nyuma ya nyumba, ambako watoto huota, kwa sababu batri za aina hiyo hulipuka na kutoa moshi mbaya. Fundi anayekusanya vipande anaweza kuzichukua kwa ajili ya kisanduku au spika ndogo zilizo ndani, na anayempelekea aulize kama kuna chochote cha kurudishiwa.